Turudishieni mpira wa saa 10 jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie muda wa kuanza mechi za ligi yetu, hasa zile zinazochezwa hapa Dar es Salaam saa 1 na saa 3 usiku.

Nimekulia Keko, na mpira wa uwanjani nimeujua kwa "fungulia mbwa". Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wengi siku hizi wanalisikia neno hilo bila kujua lilivyokuwa. Zikibaki dakika 15 au 20 mechi kwisha, mageti ya Shamba la Bibi, Uwanja wa Uhuru wa leo, yalikuwa yanaachwa wazi, na sisi watoto tuliojazana nje tangu mchana tunaingia mbio bila senti mfukoni. Kule nje hatukuona kitu, ila hakuna lililotupita: redio ya muuza machungwa ilikuwa inatangaza, na kelele za jukwaani zilitupa matokeo kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Ukishaingia unajipenyeza mpaka karibu na uzio. Hapo ndipo unaona jasho kwenye jezi, unasikia beki anavyomfokea mwenzake asipande. Kabla ya magharibi mechi imekwisha. Mnarudi kwa miguu mkibishana njia nzima kama lile lilikuwa goli au ofusaidi, na kesho yake kwenye chandimu kila mmoja keshajipa jina la mchezaji wake.

Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake, nilikuwa mdogo mno. Lakini nilisimuliwa na kaka zangu walioiona kwa macho yao, goli kwa goli, mpaka nikawa kama nilikuwepo.

Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Klabu ziliishi kwa viingilio vya mlangoni, na wachezaji wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika wanaotoka kazini kwenda mazoezini. Baada ya Lagos 1980, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilikaa miaka 39 ndipo ikaiona tena AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, Misri 2019. Simba ilipofungwa 2-0 na Stella Abidjan hapa hapa Dar katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, tuliondoka uwanjani bila kusemezana, tukiamini nafasi ile haitarudi tena. Imerudi: Yanga imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikafuata 2025. Fedha zimechangia sana, na fedha hizo kwa sehemu kubwa zimeletwa na televisheni. Mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa 2021 ni wa zaidi ya Sh225 bilioni kwa miaka 10, na timu za mikoani nazo zinapata humo. Najua pia jua la Februari linavyowaumiza wachezaji. Yote hayo nayakubali.

Ila msimu uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa kike Uwanja wa Mkapa. Ana miaka 11, anacheza winga shuleni kwao, na alikuwa hajawahi kuingia uwanjani. Mechi ilianza saa 3 usiku. Kipindi cha kwanza hakukaa kwenye kiti. Alisimama muda wote, anamfuata winga wa kulia kwa macho hata pale asipokuwa na mpira. Kipindi cha pili kilipofika katikati kichwa kilikuwa begani kwangu. Uwanja ulipolipuka akashtuka: "Babu, nani kafunga?" Nikamwambia, akalala tena. Tulitoka karibu saa 5, kituoni daladala za Mbagala hakuna, bajaji anataka bei ya kukodi teksi. Tulifika nyumbani saa 7 usiku, na asubuhi alikuwa na shule. Mama yake amekataa asiende tena, nami sikuwa na la kumjibu.

Mtoto huyu ana kitu ambacho dada zake wa zamani hawakuwa nacho. Ligi Kuu ya Wanawake ipo, na Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la rika hilo kule India 2022. Njia iko wazi mbele yake, lakini mpira wenyewe anauona kwenye kioo tu, ambako kamera inafuata mpira na haimwonyeshi winga anavyojipanga kabla ya kupewa pasi.

Ombi langu kwa wanaopanga ratiba si kubwa. Mechi za kimataifa na za watani ziacheni usiku mkitaka. Lakini mechi za Jumamosi na Jumapili dhidi ya timu za mikoani, ambazo viti vya mzunguko, vile vya bei ya chini, hubaki vitupu kwa maelfu katika uwanja wa watu 60,000, zianze saa 10 jioni, walau mbili kwa mwezi. Na katika mechi hizo, kipindi cha pili kikianza, watoto waliovaa sare za shule waingie bure kwa geti moja, walimu wao wakiwasimamia.

AFCON ya 2027 inakuja hapa kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Bado kuna muda wa kulijaribu hili kabla wageni hawajafika.

Mpenzi wa soka,
Mbagala, Dar es Salaam