Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za ofisi zimo katika kabrasha mlilogawiwa mlangoni. Mimi nitazungumzia jambo lililotuchukulia nguvu nyingi kuliko yote mwaka huu, nalo ni utaratibu wa kumkabidhi kila mlezi mpya wa mtoto mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wake wa mgongo haujafunga, au kichwa kikubwa kilichojaa maji, kwa mlezi aliyekwishaipita njia hiyo. Wapo waliopendekeza tuwaite walezi hao wazoefu masomo, kama bibi zetu wa pwani walivyokuwa na somo wa kumfunda mwari. Jina hilo halikupita, ila mimi bado nalipenda.

Mlezi mpya hutoka hospitali na mtoto aliyewekewa shanti, yaani mpira mwembamba unaopitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni, akiwa ameelezwa yote yanayopaswa kuelezwa, lakini katika siku ambayo hakuwa na masikio ya kusikia. Maswali humjia baadaye, saa nane ya usiku, mtoto anapotapika naye hajui kama ni maziwa yamemzidi au mpira umeziba. Hapo ndipo mlezi mzoefu anapofaa, kwa kuwa atamwambia mwenzake amkalishe mtoto akiwa ametulia, apapase utosi kama umevimba, atazame kama macho yanaangukia chini na kama mtoto amelegea na kulala kupita kawaida yake, na akiona dalili mojawapo asingoje kupambazuke.

Kilichofundishwa zaidi ni kumtoa mtoto mkojo kwa mpira mwingine, ule unaoingizwa kwenye kibofu, kila baada ya saa tatu au nne, ili kuzilinda figo zake. Tangu Jack Lapides na wenzake huko Marekani walipoutangaza utaratibu huu mwaka 1972, imejulikana kwamba nyumbani kinachohitajika ni mikono iliyooshwa kwa sabuni, mpira safi na ratiba isiyovunjwa, wala si usafi wa chumba cha upasuaji. Mama huonyeshwa kliniki, akaitikia kwa kichwa, lakini hofu ya kumuumiza mwanawe haimtoki mpaka amwone mama mwenzake akiifanya kazi hiyohiyo huku akilalamikia bei ya mchele.

Sitaficha tulipokosea. Mlezi mmoja mzoefu alimwambia mwenzake kwamba homa na usingizi wa mtoto vilitokana na meno, kwa sababu kwa mtoto wake yeye ilikuwa hivyo, na yule mtoto akafikishwa hospitali kwa kuchelewa, shanti yake ikiwa imeshaingia maambukizi. Tunamshukuru Mungu alipona. Lawama ni ya uongozi, kwa kuwa tulidhani aliyelipita jambo amelijua lote. Tangu wakati huo hakuna anayekabidhiwa mwenzake kabla ya kukaa na muuguzi wa kliniki na kuulizwa maswali, na kwa homa, kutapika au kulegea jibu letu ni moja tu: hospitali, sasa hivi. Vilevile tumekatazana kumwahidi mtu kwamba mtoto wake atatembea kwa sababu wa kwetu alitembea.

Katika maswali hayo ya muuguzi ndipo tulipogundua kosa la pili. Wengi wetu tulikuwa tukimshauri mama anayetaka kuzaa tena anywe vidonge vya kawaida vya asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia mgongo wazi, pindi ajuapo kuwa ni mjamzito. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya takriban siku 28 za mwanzo za mimba, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba, na kiasi cha maikrogramu 400 kwa siku ni cha mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto mwenye tatizo hili. Kwetu sisi kinachoshauriwa ni kama mara kumi ya hicho, kianze kabla ya mimba, na kiandikwe na daktari.

Walezi wazoefu nao wanachoka, kwani simu za usiku hazijui kwamba mpokeaji naye ana mtoto wa kugeuzwa kitandani asipate vidonda. Kamati imeamua mlezi mmoja asibebe zaidi ya familia mbili kwa wakati mmoja, na gharama za vocha na nauli zitoke katika mfuko wa chama. Fungu hilo mtaliona katika bajeti, nami naomba mlipitishe.

Limebaki suala la akina baba, ambao hadi leo wamekuwa wachache mno katika kazi hii, ilhali baba aliyeambiwa na ndugu zake kwamba mkewe ameleta mkosi anahitaji kusikia neno kutoka kwa mwanamume mwenziwe. Wawili wamejitolea na wamekaa safu ya mbele. Fomu ziko kwa katibu, naye atakuwepo hapa mpaka saa kumi.