Safari ya Grand Canyon: tufunge suala la gari

Habari za jioni ndugu zangu wa Phoenix. Shikamooni wazee.

Nimepita kwenye yadi ya magari ya kulala (yale yenye vitanda ndani). Maoni yangu:

1. Lile kubwa kama basi tuliache. Kambi ya Mather, kule Grand Canyon, haipokei gari linalozidi urefu wa futi 30, na mafuta linayabugia kwelikweli.
2. Trela: nani kati yetu ana pikapu ya kulivuta?
3. Lenye kitanda juu ya dereva, futi 25. Mimi nachagua hili. Lina choo, jiko, na leseni ya kawaida inatosha. Kile kitanda cha juu nimekijaribu, mtu mzima haketi wima, basi ni cha watoto. Muuzaji atawaambia "linalala sita". Nyie hesabuni mikanda ya viti, si vitanda. Tutahitaji magari mawili.

Mather hakuna umeme wa kuchomeka, na jenereta huwashwa kwa saa maalumu tu. Kule ni mita 2,100 hivi juu ya bahari, usiku baridi hata kiangazi. Mablanketi tafadhali (na wale wa "mimi sisikii baridi" pia).

Mchango ni dola 150 kwa mtu mzima, kwa mhazini, mwisho Jumatano saa 3 usiku. Kikao Jumapili saa 10 jioni, nyumbani kwa mhazini.

Naomba kila familia ijibu hapa leo: mnakuja au la, mko wangapi, umri wa watoto, na nani yuko tayari kushika usukani. Asanteni sana.