YAH: Mdogo wangu kusafirishwa na paja lililovunjika bila banzi wala dawa ya maumivu

Kwa meneja wa kampuni ya ambulensi,

Habari za kazi. Mimi ndo niliyewapigia Jumapili asubuhi, mdogo wangu alidondoka kwenye mkorosho huku Tandahimba, paja likavunjika, hela mliyotaka nikalipa yote. Gari liliwahi na dereva aliendesha vizuri, hapo sina neno. Ila toka huku mpaka tunaingia Mtwara mjini hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza anaumia kiasi gani.

Presha mlipima, oksijeni mlipima kidoleni, mkaandika. Maumivu hakuna. Kila tuta dogo anang'ata khanga ya mama, mguu nimeushika mimi kwa mikono yangu maana banzi hamkufunga, na jamani banzi si dawa, ni mbao na bandeji tu, mfupa ukitulia usicheze maumivu yanapungua hapohapo. Nikaomba dawa, mhudumu wenu akasema akipewa dawa daktari hatojua tatizo liko wapi, halafu akamgeukia dogo eti kaza, we mwanaume. Ana miaka 16!

Hayo mambo ya kumnyima mgonjwa dawa ili daktari aone ni ya zamani sana, mguu uliovunjika unaonekana kwenye eksirei hata mtu akiwa amelala fofofo.

Tulipofika hospitali nesi alianza hivi, sifuri huumwi kabisa, kumi ni maumivu ambayo hujawahi kuyapata, we uko ngapi? Dogo akasema kumi. Wakamfunga banzi, wakamchoma dawa, baadae akaulizwa tena, akasema nne, akalala. Mimi nikatoka nje nikalia, kumbe ilikuwa inawezekana muda wote ule.

Najua mofini, ile dawa kali ya maumivu, inaweza kupunguza pumzi na kushusha presha, na paja likivunjika damu inaweza kuvujia ndani hata lita nzima, kwa hiyo tahadhari naielewa. Lakini paracetamol ya mshipani je? Ketamini, ile dawa ya usingizi inayotuliza na maumivu, dozi ndogo, na mtu amekaa pembeni anamwangalia anavyopumua? Na kuuliza sifuri mpaka kumi ni bei gani?

Naomba kopi ya fomu ya safari ile, na mnijibu kwa maandishi kwenye gari lenu mna dawa gani za maumivu na nani anaruhusiwa kuzitoa. Hela sidai. Nataka yule mhudumu aje amuombe radhi mdogo wangu, yupo wodini mpaka leo, mguu umefungiwa uzito unavutwa.