Shangazi, si kila kinga ni ya kuongezwa

Shikamoo Shangazi,

Tangu upate ule mshtuko wa moyo unameza vidonge vya "kuongeza kinga", na sasa unatuhimiza sote tununue. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako.

Mishipa ya moyo haizibwi na mafuta peke yake. Lehemu (kolesteroli) ikipenya kwenye ukuta wa mshipa, seli nyeupe za damu, ambazo ni seli za kinga, huifuata na kuila. Zikishiba kupita kiasi hufia humohumo, nazo huwa zimekwisha kuita nyingine. Mrundikano huo huwa utando unaonenepa ndani ya ukuta, na ukipasuka, damu huganda juu yake.

Ubishi ulikuwa huu: seli hizo ndizo zinaleta ugonjwa, au zimefuata ugonjwa uliokwisha kuwapo? Jeni zimesaidia kuuamua. Mtu huzirithi mimba inapotungwa, na maradhi ya utu uzima hayawezi kurudi nyuma kuzibadilisha. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba waliorithi aina ya jeni inayodhoofisha ujumbe wa interlukini-6, kemikali ambayo seli za kinga huitumia kuamshana, huugua mishipa ya moyo kwa nadra zaidi.

Lililonishangaza zaidi ni hili, na wala halirithiwi. Seli mama moja ndani ya uboho hupata kasoro kwenye jeni kama TET2, kisha uzao wake, zikiwemo seli nyeupe, unatapakaa kwenye damu. Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 waliovuka miaka 70 wana kasoro za namna hii, wengi bila dalili yoyote. Utafiti wa 2017 uliwakuta na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu maradufu. Panya waliopandikizwa uboho wenye kasoro ya TET2 nao walipata utando mkubwa zaidi.

Mwaka huohuo yalitoka majibu ya canakinumab, dawa inayozima interlukini-1 beta, kemikali nyingine ya kuamsha seli za kinga, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko kama wewe. Lehemu haikushuka. Hata hivyo, kwa dozi ya kati, mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 15. Ila vifo vya maambukizi viliongezeka, kwa hiyo usinielewe kwamba nataka uishushe kinga yako!

Hizo chupa mpelekee daktari wako azisome kabla hujafungua nyingine. Dawa ya lehemu usiiache. Ushahidi wake ni mkubwa kuliko wa yote niliyokuandikia hapa.

Mwanao