Shoga, Magazeti Nimeyauza

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Pimbi,

Salamu za siku nyingi. Wajukuu wako wote nibusie, hata yule aliyenitapikia gauni la Idi. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kulia, limegoma kabisa kukanyaga cherehani. Sasa nakanyagia mguu wa kushoto na mishono inakwenda upande kama mlevi anayerudi nyumbani.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya meseji. Simu inaniumiza macho, halafu kuna kifurushi kinakuja pamoja na barua hii kwa mkono wa dereva wetu yule wa basi, na kifurushi bila maelezo nakujua wewe, utakitupa jaani. Kwa hiyo keti, sogeza chai.

Magazeti yetu ya katuni nimeyauza. Usianze kupiga kelele, sikuyauza yote.

Mvua ya mwezi uliopita ilipenya bati la banda la cherehani ikadondokea lile sanduku la bati, ambalo nadhani sikuwa nimelifungua tangu alipozikwa mama. Nikasema hebu niyaanike. Nikayatandaza uani kwenye mkeka kama mtu anayeanika mchele, nikahesabu: 63. Binti wa jirani akapiga picha kwa simu yake akazirusha huko wanakorusha. Siku ya nne nikabishiwa hodi na kijana kutoka Dar es Salaam. Mstaarabu, hana neno, ila kabla hajagusa kitu akatoa mfukoni glavu nyeupe akavaa. Wallahi nilidhani amekuja kuosha maiti.

Akakaa mkekani saa mbili nzima. Moja moja, analishika, analigeuza, anatazama pini, anatazama kona, analinusa. Akagawa mafungu mawili: 38 mazuri, 25 mabovu. Sasa lile la mabovu, mwenzangu, lilinikera, maana nusu yake nimeyatengeneza kwa mikono yangu. Zile pini zilipoliwa na kutu nilizing'oa nikayashona mgongoni kwa uzi wa jinzi, mshono mara mbili, hata leo ukivuta hachomoki ukurasa. Akaniambia kwa adabu zote, "Mama, hapa umeliharibu." Nimeliharibu! Nikamwambia mwanangu, bila uzi huo ungekuta karanga zimefungiwa. Akacheka, akasema wanaokusanya wanataka pini ile ile ya kiwandani, hata kama imeoza. Haya.

Alisema atarudi kesho yake na pesa ya yale 38. Usiku nikayachukua niyaage, nikawasha taa, nikafungua la kwanza. Geni. La pili, geni. La tano, la sita, utadhani nimeazima sanduku la mtu mwingine. Nikaanza kuogopa, nikadhani ndio ile ya wazee inayokula kumbukumbu. Nikavuta moja kutoka fungu la mabovu, lile lisilo na jalada lenye doa la chai ukurasa wa tatu, nikalisoma na macho yamefumbwa. Ndipo nikaelewa, nikacheka peke yangu hadi paka akatoka. Yale 38 ni safi kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaomba! Mengi yalikaa chini ya sanduku miaka arobaini na kitu, yametulia. Tuliyoyapenda tuliyaua wenyewe kwa vidole.

Unakumbuka baraza ya kwetu? Sumni, ile ya senti hamsini, kwa gazeti moja, unasomea hapo hapo, hakuna kupeleka nyumbani, na wewe umesimama mlangoni na kiboko cha mpera kama askari wa bandari, urefu wako haufiki kitasa. Ndiyo maana ukaitwa Pimbi, na jina hilo hukulipata porini, ulilipata kwenye lile gazeti letu la katuni, Sani. Mimi nikawa Ndumilakuwili kwa sababu nilikuwa napeleka maneno kwa wasichana wa barabara ya kumi na mbili na kuyarudisha yamekwisha tiwa chumvi. Hata sasa wapo watu Ngamiani hawajui jina langu la cheti.

Na ule ugomvi wetu kuhusu Sani ni nani. Wewe uling'ang'ana ni mtu, Mhindi wa Dar, eti mjomba wako amemwona. Mimi nikasema ni kabila. Kumbe ni waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, wamekata vichwa vya majina yao wakaviunga, Sa na Ni. Nilipokuja kulijua hilo nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nikakukumbuka wewe na mjomba wako. Philip Ndunguru, aliyetuchorea Ndumilakuwili na Komredi Kipepe, alifariki bado kijana, na wenzake wakaendelea na wahusika wale wale. Ninalo moja hapa ambalo wewe uliandika kwa penseli pembeni ya picha, "Huyu si yeye." Ulikuwa na jicho, shoga. Kijana wa glavu alilitazama lile neno lako akaliweka kwenye mabovu.

Wakubwa walisema ni magazeti ya uhuni, na tuseme ukweli, uhuni kidogo ulikuwemo. Wale wanawake wenye nyonga kama mitungi! Mimi kilichonisumbua zaidi ni magauni yao. Yamebana mwili mzima, hayana zipu, hayana vifungo, hayana mshono popote. Niliwahi kukaa mchana kutwa najiuliza waliyavaaje. Nadhani ufundi wangu ulianzia pale.

Kabla ya hayo kulikuwa na katuni ya Chakubanga wa baba, yule wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Baba akishasoma, mimi na wembe. Kasoro yangu ni kwamba sikungoja asome upande wa pili. Siku moja alifungua gazeti amtafute Coastal Union amefunga mangapi, akakuta tundu, na kupitia tundu lile akaniona mimi nimekaa mkabala wake na Chakubanga mkononi. Hakunipiga. Aliendelea kulishika lile gazeti hivyo hivyo, jicho moja tunduni, hadi nikatoka mwenyewe.

Sasa nifike kwa mzee wa karanga, maana kifurushi hiki ni kwa ajili yake.

Darasa la sita, 1982. Siku Coastal walipocheza na African Sports, mji mzima uko Mkwakwani, sisi hatuna kiingilio, tuko nje na mzee wa karanga. Ulinunua za sumni, ukamimina mdomoni zote kwa mpigo mmoja ili upate karatasi, kama desturi yako. Ukaikunjua. Hadithi ya picha! Gazeti gani hatukujua, jalada halipo, jina halipo, imeanzia katikati: mwanamume anashuka garini na sanduku, watu wanamcheka, na pembeni chini imeandikwa "Itaendelea uk. 14."

Tulimwomba mzee atuachie tupekue lile rundo lake. Akatwambia, "Karatasi ndiyo mtaji wangu, karanga napewa kwa mkopo." Maneno hayo sitayasahau, nilikuja kuyaelewa nilipoanza kununua vitambaa. Basi tukanunua. Ukurasa wa 9, hauna maana. Tangazo la sabuni. Ukurasa wa 16, ambao ni mbele ya tunakotaka kwenda. Pesa yote ya baraza ya wiki mbili tuliila karanga. Wewe tumbo lilianza kukuvuruga na bado unasema "Moja tu, moja ya mwisho."

Halafu nikaiona. Mikononi mwa mtu mwingine! Baba mmoja mnene ameshika kipembe chake cha karanga, na kwa nje naona sanduku lile lile, suruali ile ile ya mistari. Akaingia uwanjani nacho. Tukamngoja nje dakika tisini, shoga, kelele za magoli zinatupita juu ya ukuta wala hatuulizi nani kafunga. Alipotoka kipembe kilikuwa bado kiko mkononi, kitupu, amekifinyanga kama mtu aliyefungwa. Tulimfuata hadi karibu na stesheni ndipo akakitupa mtaroni, na wewe ukaruka kabla hakijatua.

Ukurasa wa 14. Mlango umefunguliwa nusu, mke amesimama na mwiko, mwanamume na sanduku lake yuko kizingitini, na ndani ya lile duara la maneno, juu ya kichwa chake, mafuta ya karanga. Doa moja kubwa la mviringo, limekaa pale pale juu ya maneno kama limepimwa. Basi.

Wewe ukasema amesema "Nimerudi." Mimi nikasema hapana, tazama miguu inavyotazama nje, amesema "Naondoka." Hatukusemeshana siku tatu.

Niliyopoteza kwa njia nyingine siyahesabu, ila moja bado lina kidonda. Wewe ulikuwa umekwenda Pangani kwa bibi yako, kwa hiyo hukuliona, na sidhani niliwahi kukusimulia vizuri. Unakumbuka mpaka wa Kenya ulivyokuwa umefungwa tangu 1977, na shangazi yangu ndiye mpaka wenyewe. Sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, vyote vinapita njia za panya za Horohoro usiku, vimefungwa kwenye gazeti la Kenya, Taifa Leo. Wengine walisubiri sabuni. Mimi nilisubiri karatasi. Ndivyo nilivyompata Juha Kalulu, katuni ya mzee Edward Gitau, kipande kwa kipande, tarehe zimechanganyika, leo ya mwezi huu, kesho ya mwaka juzi, vyote vinanukia sabuni. Nilikuwa navinyoosha kwa pasi ya mkaa juu ya kanga, navibandika kwenye daftari kubwa kwa uji wa muhogo. Daftari mbili zilijaa.

Ilipokuja ile 1983, Waziri Mkuu Sokoine anasaka wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali baharini usiku. Shangazi alifukia sabuni chini ya mwarobaini. Kisha akaingia chumbani na koroboi, akavuta daftari zangu. Hajui kusoma, lakini karatasi ya Kenya aliijua kwa kuigusa tu. "Sabuni nitasema nimepewa," akasema, "haya ndiyo yatakayotufunga." Akazitia jikoni moja moja, na kwa sababu moto umeshawaka akateleka maharage. Karatasi haina moto wa maharage. Tuliyala usiku ule magumu kama changarawe, na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Novemba ya mwaka ule ule mpaka ukafunguliwa, na Taifa Leo ikawa inaingia mchana kweupe kwenye mabasi. Shangazi hatukuwahi kulizungumza jambo hilo hadi amekufa. Sabuni nazo zilipofukuliwa zilikuwa zimeyeyuka.

Ulipoolewa Mombasa nilikuonea wivu, sikufichi. Si kwa bwana, Mungu amrehemu. Kwamba ungeamka asubuhi ukute Juha Kalulu mezani! Ulinikatia ukaniletea bahasha mbili, ulipojifungua ukaacha. Baadaye hapa kwetu likaja gazeti la katuni la Kingo, la James Gayo, nikanunua, nikayatunza vizuri kwa sababu nilikuwa na kabati na watoto niliowakataza kugusa. Na yule mchoraji Gado, mtoto wa Dar, akawa wenu wa Nairobi. Kingo zote ziko katika yale 38. Safi kabisa. Watoto wangu walinitii, na hakuna hata mmoja anayependa katuni.

Kijana alirudi kama alivyoahidi. Laki mbili na nusu. Sikubishana. Nimenunua bati za banda, na iliyobaki nimempa fundi. Akaniuliza kama ningependa kumwachia na yale 25 bure, angeyatumia vipande. Nikamwambia hayo ni ya watu, wameyaacha tu kwangu.

Katika kifurushi nimekutilia sita kati ya hayo. Mawili yana mwandiko wako, moja lina alama za meno, sitaki kujua za nani.

Na sasa ombi langu. Ule ukurasa wa 14 ulijalidia daftari lako la Sayansi, darasa la sita, upande wa picha umeuweka ndani ili mwalimu asione. Daftari za shule mama yako hakuwahi kuzitupa, na sanduku lake ulilihamishia Likoni, uliniambia mwenyewe. Litafute. Ukilipata usilibandue kwa nguvu, ile ni gundi ya muhogo, lishikilie juu ya mvuke wa birika litaachia taratibu. Kisha lianike kivulini, ulinyanyue mbele ya dirisha ulitazame kwa mwanga. Mafuta ya karanga yamepata miaka zaidi ya arobaini ya kukauka, huenda herufi moja mbili zimejitokeza.

Hata ikiwa moja tu. Ukiona A yoyote mwanzoni baada ya N, usinipigie simu usiku, ningoje nije mwenyewe.

Wako wa siku zote,
Ndumilakuwili