Tuwaachie vijana kazi ngumu kwanza, AI ije baadae

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kila nikifungua gazeti nakuta vijana wanahimizwa wajifunze AI, yaani akili bandia, la sivyo watakosa kazi. Sipingi hata kidogo, ila kuna upande mmoja naona hauandikwi na mimi naishi nao kila siku ofisini, kwahiyo naomba nafasi niuseme. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini na kwenye bandari kavu, na nilianza kama dogo wa kuzungusha makaratasi, kunakili invoisi na kutafuta namba za bidhaa kwenye kitabu mpaka macho yanauma. Hizo kazi ndogondogo ndo AI inazimaliza sasa hivi kwa sekunde, na mabosi wanafurahi. Mimi naogopa, maana hizo kazi ndo zilitufanya tukawa watu wa kazi.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Kwenye forodha kila bidhaa ina namba yake, tunaita HS code, mfumo wenyewe ni wa Shirika la Forodha Duniani na ulianza kutumika 1988, sura zake zinafika 97, tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia halafu sisi Afrika Mashariki tunaongeza 2 zinakuwa 8. Namba hiyo ndo inaamua ushuru, na tangu Julai 2022 viwango vyetu vya pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na 35 ukiacha zile bidhaa nyeti zenye viwango vyake vya peke yake. Kwahiyo ukikosea namba mteja analipa zaidi bure, au analipa pungufu halafu kesho anadaiwa na faini juu.

Sasa kuna konteina ilikuja ya spea za bodaboda, mzigo wa kuchanganya kutoka Guangzhou. Kijana mmoja ofisini, kijana mzuri tu mwenye digrii na mchapakazi, akaipiga picha invoisi akaiweka kwenye AI, ikamrudishia 8714, yaani vipuri vya pikipiki, akajaza hivyo mzigo mzima akaniletea niangalie. Ukiitazama haraka unasema safi kabisa. Lakini tairi haiko huko, iko 4011. Betri ni 8507, plagi 8511, pistoni 8409, saidi mira 7009, na hata cheni ambayo kila mtu ataapa ni ya pikipiki inaenda 7315, boliti 7318. Mwanzoni mwa Seksheni ya 17 ya kitabu cha namba, ile ya vyombo vya usafiri, kuna maelezo yanayosema vitu gani visihesabiwe kama vipuri hata kama vimetengenezwa kwa ajili ya chombo hicho, na vingine vina kifungu chake kinachovitaja wazi. Hayo maelezo mtu haruki, ila uyasome mara ngapi mpaka yakukae kichwani hilo ni jambo lingine.

Na niseme haki, AI ukiiuliza plagi peke yake inakupa jibu zuri, cheni peke yake pia mara nyingi inakupa. Tatizo invoisi ilikuwa na mstari mmoja tu, spea za pikipiki, katoni kadhaa, bei, basi. Hakuna kompyuta inayoweza kuona ndani ya katoni ambalo supplaya hakuandika lina nini. Jibu lilikuwa kwa mwenye mzigo na ilitakiwa mtu amuulize, na yule kijana hakujua kama kuna swali la kuuliza, kwa sababu hajawahi kusimama kwenye ukaguzi akaona afisa anapasua katoni moja baada ya nyingine juani na kila moja inatoka kitu chake. Tangu aingie kazini anakaa mbele ya skrini anajaza kadhia, yaani fomu za kutangaza mzigo forodha, idadi yake kwa siku ni kubwa kuliko yangu mimi nilipokuwa na umri wake, na anasifiwa kwa hilo.

Tukampigia mwenye mzigo, mama mmoja wa Kariakoo. Hapa ndo nataka wasomaji wanielewe, maana watu wakisikia "ujuzi wa kibinadamu" wanadhani ni mambo ya semina, kutabasamu na kuvaa vizuri. Kijana alianza hivi: "Mama, maelezo ya mzigo wako hayajakamilika, tunahitaji uthibitisho." Mama akawaka, kwani mimi mwizi, mzigo nimenunua kwa pesa yangu, mnataka kuninyonya, simu ikakatwa. Nikasubiri kidogo nikapiga mimi: "Shikamoo mama, habari za biashara, mzigo umefika salama hauna shida. Nisaidie kitu kimoja nisije nikakulipisha ushuru wa juu bure, hizi katoni za mwisho mle ndani kuna nini na nini?" Akanitajia moja moja bila hata kuangalia karatasi, humo kuna plagi, humo cheni na mira, tairi nimezipanga mwisho wa konteina. Anaujua mzigo wake kama anavyowajua wanae. Taarifa yote tuliyokuwa tunaitafuta ilikuwa kwenye kichwa cha yule mama, na mlango wa kuifikia ulikuwa ni salamu, sauti, na kumfanya aone tuko upande wake.

Hicho kitu nilikipata kwa kukaa pembeni ya wazee wa kazi nikiwasikiliza wanavyoongea na simu. Hakuna aliyenipa notisi za darasani. Unasikia mzee anavyomwambia mteja kwamba meli imechelewa, au storeji, yaani gharama ya mzigo kukaa bandarini, imeanza kusoma, au mzigo umetoka kwenye laini ya kijani ya kupita bila kukaguliwa umeingia nyekundu ya ukaguzi, anamwambia ukweli wote lakini mteja hakimbii. Leo vijana wanaiambia AI iwaandikie ujumbe wa kumtumia mteja wasapu, "mteja mpendwa tunasikitika kukujulisha", aya tatu ndefu zimenyooka hazina kosa hata moja, na mteja hasomi, anachofanya ni kutafuta namba ya mtu anayemjua ofisini ampigie amuulize kuna nini. Mtu mwenye pesa yake ndani ya konteina anataka kusikia sauti ya binadamu mwenzake tena haraka.

Mwingine atasema huyu analinda ugali wake. Basi aache forodha aangalie madaktari. Agosti 2025 ulichapishwa utafiti kwenye jarida la The Lancet Gastroenterology & Hepatology, ulifanyika kwenye vituo vinne kule Poland, kwa madaktari wazoefu wanaopima utumbo mpana kwa kamera. Waliletewa AI ya kuwaonyesha vivimbe ambavyo vinaweza kuja kuwa saratani. Watafiti wakaangalia vipimo ambavyo haohao madaktari walifanya bila AI, kabla haijaletwa na baada ya kuizoea. Kabla, walikuwa wanakuta vivimbe kwa takriban asilimia 28 ya wagonjwa, baada ya kuizoea wakifanya wenyewe ikashuka mpaka kama 22. Ni utafiti mmoja na wa kufuatilia kumbukumbu tu, haumalizi ubishi, lakini hawa walikuwa watu ambao ujuzi wanao tayari, kila mmoja ameshafanya vipimo zaidi ya 2,000. Ikiwa mzoefu anaweza kufifia kiasi hicho, je huyu ambaye hajawahi kuupata kabisa? Huyo hana hata cha kupoteza, na bahati mbaya hakuna atakayegundua mpaka siku mfumo umekwama au jibu limekuja la uongo.

Na siku hiyo ikifika anayebanwa ni mtu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamhesabu wakala kama mwenye mzigo kwa yale aliyofanya kwa niaba yake, hakuna mahali utaandika "niliambiwa na programu" afisa akakuelewa. Hata kwa wenzetu ni hivyohivyo, Februari 2024 baraza moja la usuluhishi Kanada liliamuru shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya maongezi ya kwenye tovuti yao kuhusu nauli nafuu ya wanaosafiri kwa msiba, shirika lilijitetea eti ile roboti inawajibika yenyewe na baraza likakataa. Sasa kama jina linalosainiwa ni la kijana wangu basi ana haki ya kufundishwa mpaka aweze kuisimamia hiyo saini mwenyewe.

Ombi langu la kwanza naliweka kwa sisi mabosi na wasimamizi. Mwaka wa kwanza kijana aandike namba yake kwanza kwa mkono wake na sababu yake, ndo afungue AI alinganishe, na wakitofautiana aje aeleze kwa mdomo nani yuko sahihi na kwa nini. Itachukua muda najua, na huo muda tuuhesabu kuwa ni kazi. Awe anaenda ukaguzini hata kama afisa angeweza kumaliza bila yeye. Akae kwenye simu ngumu asikilize, halafu apewe yake moja ngumu na mkubwa akae pembeni. Na tuache kuwapima wapya kwa idadi ya kadhia kwa siku, hicho kipimo ndo kinawasukuma wasiulize mtu yeyote kitu chochote.

La pili ni kwa TAFFA, chama chetu cha mawakala wa forodha, na Chuo cha Kodi wanaofundisha kile cheti cha EACFFPC cha mawakala wa Afrika Mashariki. Mafunzo ni mazuri nimeyapitia, ila naomba liongezwe somo la kuhojiana na mteja, mwanafunzi apewe invoisi mbovu kama zile tunazopata kila siku na mtu wa kumuulizia, apimwe kwa maswali aliyouliza na mteja ameondoka vipi, siyo jibu la karatasini peke yake maana jibu la karatasini sasa hivi kila mwenye simu analo.

Na serikali, sisi waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea tunalipa tozo ya SDL ya kuendeleza ujuzi, mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 mpaka 3.5 tukashukuru. Naomba iangaliwe kama sehemu ya fedha hiyo inaweza kurudi kwa ofisi ndogo kama zetu zinazokubali kumlipa mzee wa kazi masaa mawili kwa siku akae na vijana badala ya kukimbizana na mizigo. Wazee wenyewe wanastaafu kila mwaka, na ofisi nyingi naziona zinaweka leseni ya programu kwenye kiti walichoacha.

Wakala wa forodha,
Dar es Salaam