Ukibadili ekseli ya pikapu, usiisahau valvu ya mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pikapu za zamani, zile zenye springi za majani na breki za dramu nyuma. Wengi wanaozimiliki huzibadilishia ekseli ya nyuma na kuweka nene zaidi, wakitaka zibebe mzigo mkubwa na zisimame haraka. Kwenye kubeba, ekseli nene husaidia kweli. Kusimama kuna hesabu yake, na hiyo ndiyo inayorukwa.

Gari likikanyagwa breki, uzito hukimbilia mbele. Pikapu tupu haina kitu nyuma ila bodi, kwa hiyo wakati huo tairi za nyuma hugusa barabara kwa uzito mdogo mno. Zikipewa breki kali kuliko zinavyoweza kung'ang'ania lami, zitajifunga kabla ya zile za mbele. Tairi za mbele zikijifunga, gari halisikii usukani lakini huendelea kwenda mbele. Za nyuma zikitangulia, mkia unataka kupita kichwa na gari linazunguka, tena kwenye mvua hata kwa mwendo wa kawaida.

Tazama wili silinda, zile silinda ndogo ndani ya dramu zinazopokea mafuta ya breki na kusukuma brekishuu, yaani viatu vya breki, zibane dramu. Tuseme ekseli ya awali ilikuwa na silinda za kipenyo cha inchi 3/4 na hii mpya ina za inchi 7/8. Ukizishika mkononi utaona zinakaribiana. Lakini nguvu hufuata eneo la pistoni, na maeneo hayo ni kama 36 kwa 49. Kwa presha ileile, brekishuu sasa zinasukumwa kwa asilimia 36 zaidi. Dramu nayo ikitoka inchi 10 kwenda 11, ongeza sehemu ya kumi juu ya hapo. Breki ya nyuma imezidi ile ya zamani kwa karibu nusu, na za mbele hazijaguswa.

Silinda hizo kubwa pia zinadai mafuta ya breki mengi zaidi kwa asilimia 36 kusogeza brekishuu umbali uleule, wakati masta silinda, ile ya kwenye pedali inayosukuma mafuta hayo, ni ileile. Ndiyo maana pedali huzama chini zaidi baada ya kazi hii. Fundi anatoa upepo kwenye paipu za breki mara tatu, mara nne, chupa nzima ya mafuta inaisha, na pedali iko palepale kwa sababu upepo haukuwamo. Kama bamba la breki la ekseli mpya, lile linaloshikilia wili silinda na brekishuu, linakubali wili silinda za kipimo cha zamani, rudisha hizo. Kama halikubali, masta silinda na valvu za kugawa presha lazima ziangaliwe upya pamoja na breki za mbele.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi. Lala chini ya pikapu nyingi za aina hii utazame juu kidogo ya ekseli. Kwenye chesisi kuna valvu ndogo ya chuma, na kutoka hapo fimbo au springi ndefu inashuka hadi kwenye ekseli. Hiyo ndiyo valvu ya mzigo. Gari likipakiwa, chesisi hushuka, fimbo husukumwa, na valvu huachia presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu na presha ya nyuma hupunguzwa. Ekseli ngeni haina mahali pa kufungia fimbo hiyo, basi utaikuta imefungwa kwa waya mahali popote, au valvu imetolewa kabisa na paipu zimeungwa moja kwa moja. Hapo breki kubwa zinapata presha yote, mzigo uwepo usiwepo.

Kuna na kosa la upande wa pili. Springi ikiongezwa majani, bodi inanyanyuka, na valvu inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Nyuma hakushiki, kazi yote inabaki mbele, pedi zinakwisha upesi. Dawa ni moja kwa makosa yote mawili: tengeneza kishikio imara kwenye ekseli mpya, mahali pale kilipokuwa kile cha zamani ukipima kutoka katikati ya ekseli, kisha rekebisha urefu wa fimbo kwa kipimo cha mtengenezaji huku gari likiwa tupu na limesimama kwa tairi zake. Mwenye geji mbili za presha, moja mbele na moja nyuma, atajua kwa uhakika.

Kabla ya kununua ekseli, beba futi. Pima kutoka uso wa flanji (pale rimu hufungwa) hadi uso wa flanji wa upande wa pili, pima umbali wa vitako ambapo springi hukalia ekseli, hesabu stadi, yaani bolti za kufungia rimu, na upime duara lake. Stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7 hazipokei rimu ya matundu 5, na tairi la akiba litafaa ekseli moja tu kati ya mbili.

Uwiano wa difu (gia za katikati ya ekseli), yaani propela, ile shafti ndefu kutoka gia boksi, huzunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja, pia hupimika bila kuifungua. Weka gia huru, zuia tairi za mbele kwa vigingi, nyanyua nyuma juu ya stendi. Shikilia tairi moja isizunguke, zungusha nyingine mizunguko 2 kamili, na mwenzako ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Hiyo hesabu ndiyo uwiano, kama difu ni ya kawaida isiyojifunga. Ikizunguka mara 4 na kidogo, huenda ni 4.1, yaani meno 41 kwa 10. Ukihama kutoka 4.1 kwenda 4.556, injini itazunguka asilimia 11 zaidi kwa mwendo uleule, na spidomita inayoendeshwa kutoka gia boksi itaonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio wa kweli. Kwa pikapu inayovuta tairi zote nne, uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele. Usipolingana, gia zinajinyonga kwenye lami hadi kitu kivunjike.

Vitako vikihitaji kuchomelewa upya, usikimbilie mshono mrefu. Chomea nukta, teremsha gari likae kwa uzito wake, hakikisha shingo ya pinioni, pale propela inapoingia kwenye difu, iko sambamba na mkia wa gia boksi, ndipo umalizie kwa vipande vifupi ukibadilishana kushoto na kulia. Joto likikaa upande mmoja bomba la ekseli hupinda, na hafshafti, shafti inayozungusha tairi, itakula sili za oili kila baada ya muda mfupi. Propela ibaki na nafasi ya kuteleza kama milimita 25 kabla haijagonga mwisho wake.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, ziwe mpya. Zile za zamani zimeshavutika na hazishiki tena ipasavyo. Zikilegea, bolti ya katikati ya springi hukatika na ekseli nzima inahama.

Halafu kuna kile kifuniko kidogo juu ya bomba la ekseli, ukubwa wa ncha ya kidole, ambacho karibu kila mtu hukisahau: tundu la kupumulia. Difu ikipata joto hewa ya ndani hutanuka. Tundu likizibwa na tope, hewa hiyo inaisukuma oili ipite kwenye sili hadi ndani ya dramu. Watu hubadilisha sili mara mbili tatu kabla ya kulitazama. Lisafishe, ikiwezekana liungie mpira upande juu hadi kwenye chesisi. Na brekishuu iliyolowa oili haioshwi kwa petroli ikapona. Tupa zote za ekseli hiyo, weka seti mpya. Unapobadilisha oili ya difu, fungua kwanza plagi ya kujazia ndipo ufungue ya chini, usije ukabaki na difu tupu na plagi ya juu iliyogoma.

Ndani ya dramu, vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Lainingi za zamani, yale matabaka ya msuguano juu ya brekishuu, zinaweza kuwa na asbestosi, nayo husababisha saratani, lowesha kwanza. Soma kipenyo cha mwisho kilichopigwa chapa kwenye dramu yenyewe, kwani mara nyingi ruhusa ya kuchonga haizidi milimita 2. Dramu iliyovuka hapo ni nyembamba, inapata moto upesi, inatanuka na kuikimbia brekishuu. Kwenye breki ambazo kiatu kimoja husukuma kingine, chenye lainingi fupi hukaa upande wa mbele wa gari na chenye ndefu upande wa nyuma. Ajasta, yaani skrubu za kusogeza brekishuu karibu na dramu, za kushoto na kulia zina nyuzi zinazopingana. Ukizibadilisha, breki zinajilegeza badala ya kujikaza. Paka grisi ya joto kali kidogo tu pale brekishuu inaposugua bamba. Kaza ajasta kwanza, handbreki baadaye, kamwe si kinyume.

Paipu zikiunganishwa, angalia nyuzi na umbo la mdomo, maana mdomo wa mviringo haufungi kwenye kiti cha mdomo uliokunjwa mara mbili. Mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi uwe mpya na ufike bila kuvutika ekseli ikining'inia. Mafuta ya breki ni ya kiwango kile kilichoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya difu hata tone, mipira yote inavimba.

Niseme pia kwamba pikapu nyingi zinazoletwa zibadilishiwe ekseli hazikuihitaji. Dramu zimepitiliza kipimo, ajasta zimeganda kwa kutu, wili silinda inavuja upande mmoja. Rudisha hivyo katika hali yake kwanza, ujaribu gari, ndipo uamue.

Jaribio lifanyike mahali pakavu na wazi, gari tupu, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mtu mmoja akiwa nje kwa mbali upande akitazama tairi. Kanyaga kwa nguvu. Nyuma ikijifunga kabla ya mbele, gari halijawa tayari kwa barabara, hata kama mwenyewe ana haraka. Likifaulu, lirudie likiwa na mzigo. Na baada ya kilomita 100 za kwanza rudi chini yake na toki renchi, spana inayopima mkazo, ukaze yubolti, gari likiwa limekalia tairi zake, kisha tena baada ya 500.

Fundi wa ekseli na breki